Mshigi Mjane wa Levolosi

Mama mwenye nyumba wetu pale Levolosi aliwaamkia ndege wake kabla ya kumwamkia mtu yeyote. Ukitoka chumbani asubuhi na ndoo yako unamkuta ukumbini, uso ameusogeza kwenye fito za tundu, anauliza, "Mmeamkaje maharusi wangu? Baridi haikuwauma?" Ukimpa shikamoo wakati huo ilikwenda bure. Unachota maji, unarudi, maharusi wameshapewa ulezi na kubadilishiwa maji, ndipo unapata marahaba yako, tena ndefu, na kuulizwa habari za kila mtu wa kwenu mpaka mbuzi.

Ulezi ule ndio ulionishinda. Kwetu, juu mlimani Meru, ulezi ni wa kutengenezea mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege haipikwi bila sababu. Kazi ya mtoto ni kukaa shambani na kombeo ili ndege wasiuguse. Mimi nilikuwa hodari wa kombeo. Nimewapiga ndege wengi ambao leo nisingependa kukutana nao. Sasa nimeolewa, nimeletwa mjini Arusha, na kazi ya kwanza ninayopewa ni kupepeta ulezi wa ndege, vumbi lisije likawakwaruza koo. Nilipepeta huku nacheka peke yangu.

Hiyo ilikuwa enzi ya Mwingereza, na mimi nilikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Mume wangu alikuwa fundi magari kwenye gereji moja Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Aliondoka na umande na kurudi jioni ananuka grisi. Tulipanga chumba kimoja chenye kitanda, sanduku na kalenda ya kanisa. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshakifagia, halafu tunabaki tunatazamana, mimi na chumba. Nyumbani niliacha kahawa ya kuchuma, ng'ombe wa kukatiwa majani ya migomba, na wadogo watano wa kugombana nao. Mjini hata mtu wa kugombana naye sikuwa naye. Na Kiswahili changu kilikuwa cha shule na cha kanisani, kizito, kila neno limevaa kiatu; nikifungua mdomo sokoni wauza dagaa wananiuliza kama nimekuja kuhubiri.

Aliyeniokoa ni huyo mama. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Pangani, aliyeletwa Arusha na mumewe aliyefanya kazi ya reli. Walijenga nyumba ile ya vyumba sita wakapangisha vinne, na mume akafariki miaka miwili kabla sijafika. Siku yangu ya tatu alinikuta nimekaa mlangoni nimeshika tama. "Wewe, mwanangu wa mlimani," akasema, "mgeni siku mbili. Leo ya tatu, na kwa kuwa jembe sina, njoo ushike ukili." Akanikalisha kwenye mkeka wake ukumbini, akanipa miyaa, majani ya mkindu aliyoletewa kutoka pwani, akanionyesha jinsi ya kuisuka iwe ukanda mrefu wa kushonea mkeka. Ukili wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya ng'ombe. Hakunicheka sana. Tangu siku hiyo nikawa na mahali pangu pale mkekani, upande wake wa kushoto, chini ya tundu.

Ndege wenyewe walikuwa wadogo, wote wawili wangeenea kwenye kiganja kimoja. Kifua buluu, mgongo kahawia, na dume alikuwa na doa jekundu kila shavu. Mama aliwaita mishigi; kwetu tungewaita ndege tu, halafu tungeokota jiwe. Marehemu mumewe aliwanunua mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, ili apate kitu cha kutazama. Alipokufa alimwachia mkewe nyumba, saa ya mfukoni na ndege wawili, na ukimuuliza mama katika hivyo kipi hasa ndicho cha marehemu, alikuonyesha ndege. Kulikuwa na fito tano za kutua ndani ya tundu lile, lakini walilala kwenye moja, wamegandana, mpaka ukiwatazama haraka unaona ndege mmoja mnene.

Mwezi wa saba mama alikwenda Moshi kwenye harusi ya mpwa wake, siku nne. Kabla hajaondoka alinipa maagizo machache: ulezi asubuhi, maji mara mbili, na jua likizama niwafunike kanga pale pale ukumbini. "Hawana makuu," akasema. Nikamwambia aende kwa amani.

Sasa mwezi wa saba Arusha mnaujua. Mlima ulijifunika mawingu wiki nzima, na manyunyu yale yasiyo mvua wala si ukungu yakatushukia. Jioni ya pili niliwatazama wale ndege wamejivimbisha manyoya, nikawaonea huruma. Kanga moja kwa baridi ile? Nilikosea kwa mapenzi, na kwa malezi. Katika nyumba ya bibi yangu niliyolelewa, kila chenye uhai kililala ndani pamoja na watu na moto. Ng'ombe upande huu, mbuzi upande ule, jiko katikati, na moshi ukijitokea polepole kwenye majani ya paa. Mbuzi akizaa wakati wa baridi unamsogeza mtoto karibu na mafiga, na asubuhi anarukaruka. Mimi mwenyewe nimekulia ndani ya moshi ule na kifua changu ni kizima mpaka leo.

Basi nikalibeba tundu, nikalipeleka jiko la uani, nikalitundika juu ya mafiga. Nikachochea kuni, mbichi kama zilivyokuwa, nikafunga mlango ili joto lisipotee. Sikufikiri kwamba jiko lile lilikuwa la bati, na bati halina pa kupitisha moshi. Nilikwenda kulala nimeridhika, nikamwambia na mume wangu jinsi nilivyowatunza.

Asubuhi dume alikuwa chini ya tundu, miguu juu. Jike alikuwa hai, amefumba macho, amekaa kwenye fito ile ile, na pembeni yake nafasi.

Mama aliporudi nilikuwa nimeshalirudisha tundu ukumbini na kulifuta masizi. "Nilimkuta asubuhi amekufa," nikasema. Ilikuwa kweli. Mama akamchukua yule mfu kiganjani, akamgeuza, akamlaza tena. "Baridi ya mlima wenu hii," akasema. Nikanyamaza. Katika mafundisho ya kipaimara tulifundishwa kwamba nusu ya ukweli ni uongo mzima, na mimi ndiye niliyelijibu vizuri swali hilo mbele ya mchungaji.

Alimfunga kwenye kipande cha kitambaa, akamzika kando ya ukuta wa uani, akalia bila kujificha. Kisha akafuta uso kwa pembe ya kanga na kusema, "Haya. Sasa tumebaki wajane wawili."

Yule mjane mdogo alianza kuisha. Hakuita tena. Zamani walikuwa wakiitana mchana kutwa kwa sauti nyembamba, hata wakiwa fito moja, kama watu wanaoulizana upo, nipo. Sasa alikaa kichwa ameingiza mabegani, ulezi anautazama tu. Mama akawa anamsemesha asubuhi kwa sauti ya chini. Siku moja tukiwa mkekani akasema, "Huyu naye akimfuata mwenzake, basi. Tundu nitalifanya kuni. Kaka zangu wananiita Pangani kila mwaka, na mimi ninawajibu kwamba ndege hawawezi safari. Nikikosa ndege nitawajibu nini?" Alisema hivyo huku anasuka, hakuniangalia. Nilikuwa nimemuua ndege wa marehemu, nilikuwa njiani kumuua wa pili, na pamoja naye nilikuwa naipoteza nafasi ya pekee niliyokuwa nayo katika mji mzima. Na sikusema.

"Atafutiwe mwenzake," nikasema badala yake.

"Atafutwe," mama akakubali, na uso wake ukachangamka kidogo, maana mwanamke wa pwani ukimtajia uchumba hata akiwa msibani atainuka.

Wa kwanza kuleta mchumba ni mume wangu. Nilipomweleza shida aliichukua kama kazi ya gereji: kifaa kimeharibika, tafuta kingine kinachoingia mahali pale pale. Kesho yake jioni alirudi na mnana ndani ya kofia yake, dume, manjano tupu, macho mekundu, mdomo kama koleo. "Rangi yake mmeiona?" akauliza. Tuliiona. Tulimtia tunduni. Kwanza alibomoa kiota cha majani ambacho maharusi walikuwa wamekijenga pembeni. Halafu akazijaribu fito moja moja kama zinakaza. Halafu akamshika jike mkia, akavuta. Mama alitia mkono kumtoa, akang'atwa mpaka damu.

"Fundi," akamwambia mume wangu huku ananyonya kidole, "asante sana. Lakini huyu si bwana harusi, huyu ni mvunja nyumba." Mume wangu alikula ugali wake kimya jioni ile. Baadaye kabisa akaniambia, "Lakini rangi ilikuwa nzuri."

Wa pili mama alimchagua mwenyewe sokoni, chiriku wa manjano yaliyofifia, mwenye sauti. Hakuwa mgomvi, Mungu amsamehe, ila aliimba. Alianza alfajiri, akapumzika kula, akaendelea. Wapangaji wote walifurahi siku ya kwanza. Jike alihamia fito ya mwisho kabisa, akageukia ukutani. Siku ya tatu mama alikaa mbele ya tundu, mkono kiunoni, akamsikiliza chiriku mpaka mwisho, kama mwisho ulikuwepo. "Anajisikia sana," akasema. "Mjane anataka kwanza mtu atakayenyamaza naye." Tukamfungulia mlango, akaenda kuimbia mapaa ya majirani.

Ndipo mama alipokumbuka kwamba marehemu aliwanunua wale ndege kwa mtega ndege mmoja wa Elerai. Tukajifunga kanga, tukaenda kwa miguu, mimi na yeye. Tulimkuta kwenye majani marefu nyuma ya shamba la mahindi: Mwarusha wa makamo, blanketi begani, mbele yake chungu cha ulimbo unaonuka. Kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vimejaa ulimbo, alitusalimia kwa kiwiko. Mama akamweleza yote, mnana na chiriku. Nilitegemea atacheka. Hakucheka hata kidogo.

"Yule aliyekufa na jike wake, walikuwa wanalala vipi?" akauliza.

"Wamegusana," mama akasema.

"Mnana hagusani na mtu. Chiriku pia. Nyinyi mnatazama rangi, mnatazama sauti. Tazama mdomo: mdogo kwa mdogo. Tazama anakula nini. Halafu tazama analala vipi. Kama analala peke yake, mwache. Kama analala kwa kugusana, mtafutie wa kugusana naye."

Mama alinigeukia. "Umesikia? Watu tunaozwa bila kuulizwa hata moja ya hayo."

Alitupa mshigi dume, kijana, mashavu mekundu kabisa, ndani ya kikapu kilichofungwa. Mama aliomba wawili kwa tahadhari. Yule bwana akakataa. "Madume wawili watapigana mpaka mmoja afe. Mmoja anatosha. Na jike atakuwa mkali, msishangae." Tukarudi Levolosi tunaimba. Kweli tuliimba, mama mashairi ya harusi za kwao na mimi nikiitikia nisiyoyajua.

Alikuwa mkali. Yule mjane ambaye wiki nzima hakuweza kuinua shingo alimrukia mgeni mlango ukiwa haujafungwa. Alimfukuza fito hata fito, akamkosesha ulezi, akamkosesha maji, mpaka kijana wa watu akajificha nyuma ya kibakuli na kubaki hapo anatetemeka. Tukamtoa, tukamrudisha kikapuni. Kesho yake tukajaribu tena, na kesho kutwa. Kila mara ni vita. Aliyemkubali alikuwa amekufa, na aliyefaa hakumkubali. Baada ya kila vita jike alirudi kwenye fito yake akafumba macho, amechoka zaidi kuliko jana. Sasa tulikuwa na ndege wawili wasiokula, mmoja kwa majonzi na mmoja kwa hofu. Mama aliacha kuimba. Jumamosi nilimsikia akimuuliza mpangaji mmoja siku za treni ya Tanga, njia ya kwao Pangani.

Jumamosi hiyo hiyo nilipanda lori la ndizi mpaka Tengeru, nikapanda mlima kwa miguu mpaka kwa mama yangu mzazi. Nilimwambia nimefuata ndizi. Aliniangalia mara moja tu, akaniuliza nimeua nani. Nikamwambia yote, jiko, kuni mbichi, mlango, na maneno niliyosema na niliyoyameza.

Hakunigombeza. Alichukua panga, akaenda mpakani mwa shamba letu na la jirani, akakata sale. Mmea huu, wenye majani marefu mapana, kwetu ndio mpaka wa shamba na shamba, na ndio pia mdomo wa mtu aliyekosa. Ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, na akilipokea hawezi tena kukataa kukusamehe, hata kama ulimchomea ghala. Mama mzazi alinifungia majani matano kwenye kitambaa. "Mpe mkononi, na useme kosa lako," akaniambia.

"Mama, yule si mtu wa huku. Hajui sale."

"Wewe unaijua," akasema.

Jumapili mchana nilifika Levolosi, miguu imejaa vumbi. Mama mwenye nyumba alikuwa mkekani peke yake, ukili umelala magotini, hausuki. Nilipiga magoti mbele yake, nikafungua kitambaa, nikanyoosha majani kwa mikono miwili. Nikafungua mdomo. Kile Kiswahili changu cha kanisani, ambacho siku zote kilikuwa tayari, siku hiyo kilinikimbia. Nikiwa bado natafuta neno la kuanzia, mama aliyachukua majani, akayapapasa kama mtu anayepima kitambaa.

"Mapana," akasema. "Magumu, na hayanuki. Mama yako ana akili, mwanangu. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu juzi." Akachukua kisu, akaanza kuyapasua.

Niliona sale ya msamaha inapasuliwa vipande vyembamba. Kwetu hata mtoto hachezei sale. Yeye akainuka, akaanza kusuka vile vipande kwenye fito za tundu, juu, chini, juu, chini, kwa mkono uliosuka mikeka miaka arobaini, mpaka tundu likapata ukuta wa kijani katikati. Upande mmoja jike, na ulezi wake, na maji yake. Upande wa pili akamtia dume, na vyake. "Wakae majirani kwanza," akasema. "Wasikilizane bila kutazamana. Hata sisi tuliposwa nyuma ya pazia." Akanishika shavu kwa kiganja chenye utomvu. "Asante sana."

Nikasema hakuna shida.

Nilijifariji kwa kujifanya hakimu. Jani amelipokea au hakulipokea? Amelipokea, kwa mikono miwili. Sheria ya kwetu inasema nini? Akilipokea ameshasamehe. Basi shauri limekwisha. Kwa siku kadhaa nilijihesabu mtu aliyesamehewa, na siku zote hizo nililala vibaya na kumjibu mume wangu vibaya zaidi.

Tunduni nako siku ya kwanza hapakuwa na sauti. Dume alikula, maana sasa hakuna wa kumfukuza. Siku ya pili alianza kuita, kidogo, ile sauti nyembamba ya upo. Jike aligeuza kichwa. Siku ya tatu mchana, tukiwa tunasuka, jike akajibu. Mara moja tu, kwa ukali. Mama alibaki na ukanda wa ukili mdomoni, hakuthubutu kuutoa. Kisha dume akaita tena na jike akajibu tena, na mama akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, nami nikafanya hivyo hivyo. Jioni ya nne tulipokwenda kuwafunika kanga tuliwakuta wamelala kila mmoja upande wake, lakini wote wamejibana kwenye ule ukuta wa majani, bega huku, bega kule.

Majani ya sale yakikatwa hukauka na kujikunja. Kadiri siku zilivyopita ukuta ulifanya mianya, na asubuhi moja dume akatia kichwa, akatia bega, akaingia upande wa jike. Sisi mkekani tukaacha kazi. Jike alifungua mdomo wake kumtisha. Dume hakumsogelea. Aligeuka, akauvuta unyuzi mmoja mrefu wa sale iliyokauka, akaung'oa, akaushika ncha moja kwa mdomo. Akarudi akasimama kwenye fito mbele ya jike, kichwa juu, ule unyuzi unaning'inia, akaanza kurukaruka pale pale, juu na chini, huku anaimba bila kuuachia. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Jike alimtazama. Halafu akasogea hatua moja ya pembeni, akangoja, akasogea nyingine, mpaka akafika.

Mama alicheka kanga ikamdondoka. "Kamletea mahari," akasema. "Tazama, kijana wa watu kaja na mahari yake mdomoni."

Mimi sikucheka. Katika mkeka ule ni mimi peke yangu niliyejua kile alichokishika ni nini. Najua leo kwamba ndege wa aina ile ndivyo wanavyochumbiana, wote hushika unyasi wakacheza. Sikujua siku ile. Siku ile niliona ndege wa Elerai, asiye na kanisa wala ukoo, amekwenda kwa mwenye nyumba na sale mdomoni na kuomba apokelewe. Na mimi Mmeru, binti wa mzee wa kanisa, niliileta sale nikayameza maneno yangu.

"Mama," nikasema, "yule wa kwanza hakufa kwa baridi."

Akaacha kucheka. Nikamwambia yote, nikiangalia mkeka. Nilipomaliza aliuliza, "Kuni mbichi?"

"Mbichi."

"Na mlango ukafunga."

"Nilifunga."

Alikusanya ukili wake, akauzungusha polepole kwenye mkono, akaingia chumbani.

Kesho yake shikamoo yangu haikujibiwa, hata baada ya ndege kupewa ulezi. Kesho kutwa vile vile. Mkeka ulitandikwa, lakini alikaa katikati. Mume wangu alishauri nimtengenezee kitu. Yeye kila kitu kwake kinatengenezeka. Nilikaa chumbani na ile kalenda, nasikia ndege wanaitana ukumbini, upo, nipo, na nilifurahi kwa ajili yao na nilijihurumia sana.

Siku ya tatu akaniita. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi, sikuthubutu kukaa. "Na yale majani?" akauliza. "Mtu hapandi mlima mzima kwa ajili ya pazia la ndege. Yalikuwa ya nini?"

Nikamweleza sale. Mpaka wa shamba, kosa, jani, na kwamba anayelipokea hawezi kukataa. Alinisikiliza, kope hazipepesi.

"Kwa hiyo mimi nimeshakusamehe, bila mwenyewe kuwa na habari."

"Kwetu ndivyo ilivyo, mama."

"Nyinyi watu wa mlimani ni wajanja sana," akasema. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, akairudisha. "Hapana. Yale yalikuwa ya ndege, na ndege wameyatumia. La kwangu mimi sijapewa. Nenda kaniletee la kwangu."

Nikaenda siku hiyo hiyo. Lori, Tengeru, mlima, miguu. Mama yangu mzazi aliponiona alishuka na panga tayari mkononi, akauliza kitu kimoja tu: safari hii nitasema? Nikamwambia nitasema. Nililala kwao, na kesho yake mchana nilikuwa Levolosi.

Mama alikuwa mkekani, mikono ameificha chini ya kanga. Nikapiga magoti, nikanyoosha lile jani. Hakulipokea. "Kwanza maneno," akasema. Nikaanza, kwa Kiswahili changu kile kilichovaa kiatu, "Mama, ninakuomba radhi kwa kosa nililolitenda," akanikatiza. "Sio hivyo. Mimi si mchungaji wako. Sema kwa lugha yenu, vile ungemwambia mama yako."

Nikasema kwa Kimeru. Nilidhani ni maneno mawili, yalitoka mengi. Nilimwambia habari ya moshi, na nyumba ya bibi, na watoto wa mbuzi karibu na mafiga. Nilimwambia chumba changu kinavyokuwa saa mbili asubuhi. Nilimwambia kwamba nilinyamaza kwa sababu niliogopa atauza nyumba aende Pangani, na mimi nibaki sina mtu. Nililia, nikajipangusa kwa mkono ule usioshika jani, nikaendelea. Hakuelewa neno hata moja, na hakunikatiza tena.

Nilipomaliza alitoa mkono chini ya kanga, akalichukua jani, akalilaza magotini mwake, zima. Juu yetu wale wawili walikuwa wamekaa fito moja.

"Haya," akasema. Akasogea upande wa kulia mpaka nafasi yangu ikapatikana, akanitupia ukili wangu. "Kaa. Uliuacha umepinda hapa, anza kwa kufumua."